Muuguzi Mwanafunzi Ugenini Nyundo

Mwanafunzi wa uuguzi aliyelelewa Tanga au Kilwa, akipelekwa kufanya mazoezi ya kazi Nyundo, juu ya mji wa Gisenyi nchini Rwanda, hudhani kwamba lugha haitamtaabisha. Maji huko ni amazi, macho ni amaso, meno ni amenyo. Wala Kiswahili si kigeni pale. Kilifika pamoja na askari na wachuuzi enzi za Wajerumani, waliouandika mji huo Kissenji. Kikastawishwa na biashara ya mpakani na Goma. Na mwaka 2017 kikatangazwa kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda.

Lakini wakisemao aghalabu ni watu wa sokoni na mpakani. Wateremkao kutoka mashamba ya milimani, hasa akina mama wazee, wengi wao husema Kinyarwanda tu, na hao hawakosekani wodini.

Tena udugu wa lugha hizi mbili una mitego yake. Mama akiulizwa mtoto alipewa dawa lini, hujibu: ejo. Neno hilo maana yake ni jana, na neno hilo hilo maana yake ni kesho. Kinachotenganisha ni kitenzi. Mgeni hulidaka neno, kitenzi kikampita. Je, dawa ilikwisha kutolewa, au mama anaahidi kuitoa? Kwa mtoto mwenye malaria hilo si jambo la sarufi. Vivyo hivyo kubabara ni kuumwa, na pia ni kuhuzunika. Mwanafunzi hutafuta kidonda mwilini, kumbe aliye mbele yake amefiwa.

Kuna na lile jibu la yego, yaani ndiyo. Mgonjwa hulitoa kwa heshima, maana kumkatalia muganga hakupendezi, na kwa wananchi wa kawaida muganga ni yeyote avaaye koti jeupe. Muuguzi mwenye busara haulizi, "Umeelewa?" Humwomba mgonjwa aonyeshe vidonge atakavyomeza asubuhi. Jambo hili, kusema kweli, lingefaa lifundishwe hata katika vyuo vyetu, ambako ndiyo za wagonjwa huaminiwa upesi mno.

Mwalimu bora wa mgeni huyo mara nyingi hana cheti. Ni umurwaza, ndugu anayekaa na mgonjwa, akimwogesha na kumpikia. Yeye ndiye ajuaye kwamba mzee hakulala, na kwamba dawa imefichwa chini ya mto. Mwanafunzi anayemwona kuwa ni mtu wa kuziba njia tu hujinyima nusu ya somo. Na akitaka kujua mgonjwa ni nani kwa watu wake, na akumbuke ingobyi, machela ya kienyeji, ambayo majirani huichukua mabegani kwa kupokezana katika vijia vyenye utelezi. Mgonjwa wa namna hiyo hakuja peke yake. Mtaa mzima unangoja habari zake.

Somo zito kuliko yote huja mwezi wa Aprili. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu waliokimbilia Nyundo, seminarini na kanisani, waliuawa humo humo. Kila mwaka, maombolezo yanapoanza tarehe 7 Aprili, wapo manusura wanaoshikwa na ihahamuka: pumzi hukatika, moyo hupiga mbio, wengine hupiga mayowe au kukimbia kana kwamba wauaji wako nyuma yao. Familia za askari waliowahi kuwa vitani huenda zikaitambua hali hiyo hata bila jina.

Mwanafunzi asiyeambiwa mapema hufikiri ni pumu, au kifafa, au pepo, akakimbilia kumshika kwa nguvu. Kumshika kwa nguvu mtu aliyewahi kukamatwa ili auawe! Wenyeji humtoa taratibu kutoka katika kundi, wakamweka mahali penye utulivu, akaketi naye mtu wa sauti ya upole, wakimwita kwa jina lake na kumwambia yuko wapi na leo ni siku gani. Mgeni ambaye bado hajui Kinyarwanda cha kutosha anaweza kuleta maji, kuwazuia watazamaji mlangoni, kisha akakaa kimya karibu yao hadi pumzi irudi.