Safari ya Kufuata Maji ya Kwetu

Safari hii ilianza darasani. Pale Ntoto, mahali milima ya Masisi inaposhuka kuingia msitu wa Walikale, tulikuwa tukifundisha jiografia, na mvua ilipiga mabati hata sauti yetu ikapotea. Tukanyamaza. Ndipo mvulana mmoja, aliyekuwa akitazama mfereji uliofurika nje, akainua mkono: "Mwalimu, maji haya yanakwenda wapi?"

Tukashika chaki, tukachora. Vijito vyetu hushuka hata mto Lowa; Lowa hupita Walikale, huingia katika Lualaba; Lualaba hupita Ubundu hata Kisangani, na kuanzia hapo huitwa Kongo mpaka baharini. Mvulana akatazama mchoro, kisha akauliza kwa adabu: "Nawe, Mwalimu, umeyaona?" Darasa likacheka. Hatukuwa tumeyaona.

Tena swali lake si la kitoto. Mwaka 1871 David Livingstone alifika Nyangwe, akauona Lualaba mpana ukielekea kaskazini, akadhani huenda ndio Naili. Alikufa mwaka 1873 bila kupata hakika. Henry Stanley alipoteremka mto huo huo na kufika Boma mwezi wa Agosti 1877, ndipo ilipojulikana kwamba Lualaba ni Kongo. Basi ikiwa wakubwa kama hao walihangaika hivyo, mwalimu wa shule ya msingi asione haya kwenda kutazama.

Likizo kubwa ilipofika tulifunga mkoba, tukaenda Kisangani peke yetu. Twasema "sisi" kwa desturi ya waandishi, lakini mkoba ulikuwa mmoja na nauli ilikuwa ya mtu mmoja. Ya barabara hatutasema mengi: aliyepita Lubutu wakati wa mvua anajua, na asiyepita hataamini.

Alfajiri ya siku ya pili tulikuwa ukingoni. Kabla ya kuuona mto tuliusikia, kama mvua kubwa isiyokoma. Kati ya Ubundu na Kisangani mto hushuka kwa maporomoko saba, katika mwendo wa kilomita 100 hivi, na jumla ya kushuka kwake ni karibu mita 60. Meli haiwezi kupita. Kwa sababu hiyo ilijengwa reli ya kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906. Poromoko la mwisho liko mlangoni mwa mji wa Kisangani, ulioitwa Stanleyville hadi mwaka 1966. Hapo ndipo kwao Wagenia, wavuvi wenye sifa.

Tulitaka mtumbwi mdogo na mpiga kafi mmoja, maana mfuko wetu ulikuwa mwepesi. Mzee aliyesimamia wavuvi akatutazama viatu, akatabasamu. "Mwalimu, hapa mtu mmoja hapigi kafi. Ngoja, utaingia pamoja nasi twendako kutazama mitego." Tukastaajabu jinsi alivyojua kazi yetu. Yumkini ni ile kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati.

Alisema Kiswahili safi, na si ajabu. Lugha hii ilifika hapa pamoja na watu wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls. Njia ile ilikuwa ya pembe na ya utumwa, yenye machozi mengi; lakini wajukuu wa walioteswa wameichukua lugha, wakaifanya yao.

Mtumbwi ulikuwa gogo moja refu lililochongwa. Watu kumi walisimama na makafi, wakaanza wimbo kwa lugha yao. Makafi yakazama pamoja na kuinuka pamoja. Maji yalikuwa ya rangi ya chai. Mwanzo tulifurahi kama mtoto. Kisha tukaingia katika mkondo, mtumbwi ukaruka na kuanguka, nasi, tuliozaliwa milimani na tusiojua kuogelea, tukasimama ghafula. Mtumbwi ukalala upande mmoja na maji yakaingia. "Kaa chini, Mwalimu!" akapaza sauti Mzee. "Usiushike mtumbwi, mtumbwi utakushika wewe!" Tukaketi. Daftari letu, lenye maandishi yote ya safari, lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na maji. Kijana mmoja akasema, "Limetangulia Kinshasa," na wote wakacheka. Nasi tukacheka, ijapokuwa magoti yalikuwa yakitetemeka.

Pale katikati ya povu tuliona kazi yao. Miti mikubwa imesimikwa katika mashimo ya miamba, imeegemezana na kufungwa kwa kamba za msituni, na mingine imelazwa juu yake kama boriti za nyumba. Hapo huning'inizwa migono, vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba, vingine virefu kupita mtu. Mkondo wenyewe humsukuma samaki ndani, wala hawezi kurudi nyuma. Vijana walipanda juu ya miti ile wenye miguu mitupu, maji yakinguruma chini yao. Mmoja alivuta kamba, mwingine alimshika mwenzake kiunoni, wa tatu alipokea. Mgono wa kwanza ulikuwa mtupu. Wa pili ulikuwa na kambale wawili, na wa tatu mbenga mmoja mwenye meno ya kutisha.

Tulimwuliza Mzee kama mti mmoja hautoshi kuushikilia mgono mmoja. Akajibu, "Mti mmoja mto huula siku ile ile." Kisha akauliza tulikotoka. Tukamwambia: kule juu, Masisi na Walikale, Lowa inakotoka. Akatikisa kichwa. "Magogo ya kwenu hutufikia, Mwalimu. Mengine hutuvunjia miti yetu, mengine twapika nayo. Lakini maji hayasemi yametoka kilima cha nani."

Neno hilo lilitunyamazisha mpaka ukingoni. Maana wazee wa Ntoto hawausahau mwezi wa Machi 1993, watu waliokwenda sokoni kununua na kuuza walipouawa, na vita vikaenea Masisi na Walikale, vikiua watu wengi na kufukuza wengine makwao. Wanafunzi wetu walizaliwa baadaye. Hata hivyo tumemwona mtoto akimwuliza mwenzake ametoka kilima gani, kabla ya kusogea ampe nafasi katika benchi. Nasi waalimu mara nyingine tumejifanya hatukusikia.

Jioni samaki waligawanywa juu ya mwamba, mbele ya macho ya wote. Aliyepanda alipata, aliyepiga kafi alipata, na mama mmoja mjane, ambaye mumewe alikuwa mvuvi, alipata pia. Tulipotaka kulipa, Mzee alipokea fedha ya mtumbwi, kisha akatutilia kambale mdogo katika jani. "Huyu ni wa mgeni. Huenda amekunywa maji ya kwenu."

Shule ilipofunguliwa, yule mvulana alikuwa ameketi mbele. "Mwalimu, umeyaona?" Tukasema, "Tumeyaona." Tukachora tena mto, na safari hii tukachora pia miti iliyofungwa pamoja katikati ya poromoko, tukawaeleza kila jambo, hata habari ya daftari. Kisha tukawaambia wasimame, wakae upya katika mabenchi, kila mmoja karibu na mtoto wa kilima kingine. Walisitasita. Wengine walitazama mlangoni kama wanaotafuta ruhusa ya wazazi. Mwisho mvulana yule akachukua mfuko wake, akavuka chumba, akaketi.

Nje mvua ilikuwa ikianza tena.