Nazi Kumi Mpaka Tukuyu

Saa kumi na mbili asubuhi nilifungua mlango wa chumba cha wageni pale Mafinga, pumzi ikanitoka kama moshi. Mimi mtu wa Tanga. Kwetu moshi unatoka jikoni tu. Hiyo ilikuwa siku yangu ya nne barabarani, peke yangu, na ilikuwa ya mwisho, maana jioni nilitakiwa kulala Tukuyu, katika nyumba niliyoipanga kwa simu bila kuiona. Nyuma ya gari kulikuwa na godoro, masufuria, kibao cha mbuzi alichokikalia bibi yangu maisha yake yote, na nazi kumi ambazo mama alizichagua moja moja, akizitikisa karibu na sikio. "Huko unakokwenda hakuna minazi," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mama lishe wa karibu na stendi alinitazama ninavyotetemeka mbele ya chapati na maharage. "Mwanangu, huna sweta?" Sikuwa nalo. Akavua kitenge chake mabegani akanifunika, akaendelea kumimina chai. Nilikinywa kikombe kile polepole kuliko kawaida, kwa sababu ya kitenge.

Kutoka Mafinga barabara inapita kwenye mipaina iliyonyooka, hewa yote inanuka utomvu na mbao mbichi. Halafu Makambako na upepo wake, njia panda ya kwenda Njombe na Songea, mahali ambapo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inakutana na barabara. Hapa mwendo si wako. Malori ya Zambia na Kongo yanakutangulia kama misafara, na kila kijiji kina kibao cha 50. Siku ya kwanza vibao hivyo vilinichosha. Siku ya nne nilikuwa navishukuru. Kwa mwendo ule nilimwona bibi akianika ulezi kwenye mkeka, nikaona mtoto akiburuta gari la mabua, na wote wawili wakanipungia mkono.

Kisha nchi inashuka, ukungu unabaki nyuma, na joto linaingia dirishani. Ndiyo Usangu. Mpunga wa Aprili ulikuwa kijani hadi upeo wa macho, yangeyange wakitembea ndani yake kama wenye shamba. Pale Chimala, upande wa kushoto, milima inasimama ghafla kama ukuta, na barabara ya vumbi inaupanda kwa kona nyingi kuelekea Kitulo. Nilikula Igurusi. Wali wa huko unakuita kabla sahani haijafika, na mimi niliyekulia kwenye wali wa nazi nakiri kwamba ule haukuhitaji nazi.

Uyole nikakata kushoto. Zilibaki kilomita 60 hivi, na ndizo zilizonichukua moyo. Barabara inapanda milima ya Uporoto, na kandokando viazi vimepangwa kwenye ndoo kwa ufundi, kimoja juu ya kingine hadi kilele. Magunia nayo yamejazwa lumbesa, yamefungwa vilemba vya kamba. Hapo mvua ikaanza, nzito, ya moja kwa moja, tofauti na ile ya kwetu inayotanguliwa na kelele za upepo. Niliposhuka kuelekea Kiwira migomba ilikuwa imeshika kila mahali, hadi madirishani mwa watu. Parachichi zilikuwa zimerundikwa barazani. Nilishusha kioo nikapata harufu ya udongo uliolowa, moshi wa kuni na majani, na sikukipandisha tena ingawa mkono wa shati uliloa chapachapa.

Hatua 200 kabla ya nyumba, lami ikaisha, na ule udongo mwekundu ukalishika gari. Vijana wanne walitokea migombani, peku, wakasukuma wakiimba idadi. Nilipofungua pochi, mkubwa wao akasema, "Dada, wewe si jirani?"

Kisha akaja mama mmoja na mwavuli. "Ugonile!" Akanieleza kwamba hiyo ndiyo salamu, kama kuulizwa umelala, hata kama ni saa kumi na moja jioni, na kwamba mimi nikimsalimu mtu wa umri wake niseme "Mugonile." Nikasema. Akajibu "Ndaga," akacheka kwa furaha na kunishika mkono wote, hadi kiwiko. Nikamwuliza Mlima Rungwe uko wapi. Akaelekeza wingu. Humo, alisema, anaishi kipunji, yule kima ambaye wataalamu walimtangaza kwa dunia mwaka 2005 ilhali wawindaji wa huku walishampa jina.

Umeme ulikuwa umekatika. Aliniletea kibatari, maziwa ya moto na mkungu mdogo wa ndizi mbichi. Alipokiona kibao cha mbuzi, alikizunguka mara mbili, akagusa ulimi wake wa chuma. "Hiki nacho?" Nikakaa, nikavunja nazi ya kwanza, nikakuna. Nilikamua kasimile, tukamenya ndizi pamoja, sufuria likachemka huku mvua ikipiga bati hata tukalazimika kusogeleana ili tusikilizane.

Alionja. Akanyamaza. Akaonja tena, kisha akatazama kule kwenye kapu.

"Zimebaki ngapi?"

"Tisa, mama."

Akatoka mlangoni, akamwita binti yake kwa sauti kubwa katikati ya mvua.