Tofali Moja Halitoshi

Wasee, mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kuna somo moja la uhandisi lilibaki kwa kichwa. Juzi limeokoa pesa ya mama.

Mama anajenga Makueni. Muuzaji mmoja wa matofali ya kuchoma upande wa Kitui alichukua tofali, akaliangusha mara mbili. Halikuvunjika. "Mnaona? Hii ni chuma." Mama alikuwa karibu kulipa. Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza."

Shida ni kwamba si chuma. Chuma kikizidiwa hupinda, unapata onyo. Tofali, chungu na kioo hupasuka ghafla, na huanzia penye kasoro mbaya zaidi: kijiwe, mzizi, ama ufa wa kukaushwa juani haraka. Mwaka wa 1939 mhandisi Mswidi, Waloddi Weibull, aliliwekea jambo hili hesabu. Badala ya kuuliza kitu kina nguvu gani, unauliza: kwa mzigo huu, uwezekano wa kuvunjika ni kiasi gani?

Tuseme kipande kidogo kina nafasi 1 kati ya 100 ya kuwa na ufa mbaya. Unganisha vipande 100 viwe kitu kimoja kirefu: uwezekano wa kuwa na angalau ufa mmoja ni karibu asilimia 63. Ndiyo maana kitu kikubwa huvunjika rahisi kuliko kidogo cha udongo ule ule. Na ndiyo maana fundi huweka vyuma kwa linta.

Kwa hivyo tofali moja alilokuchagulia muuzaji halikuambii kitu. Hata wastani hukudanganya. Unataka kujua yanatofautiana kiasi gani, na baya kabisa ni baya vipi.

Tulichagua 10 wenyewe: katikati ya tanuri, pembeni, juu, chini. Tukayagonganisha. Lililoiva hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti nzito. Kisha tukayaangusha yote kutoka kiunoni. Matatu ya pembeni, ambako moto haukufika vizuri, yalipasuka.

Muuzaji akasema, "Hayo ni machache tu, mama."

"Na mwanangu akilala chini ya hayo machache?"

Tulinunua ya katikati pekee, moja moja, tukigonga. Ilichukua siku nzima na mgongo bado unaniuma. Ukienda kununua yako, usikubali kuonyeshwa. Chagua mwenyewe, chagua mengi, na bei mpange baada ya kuona lile dhaifu zaidi.