Hao Tisa Walitii

Kila mara habari ya wakoma kumi inaposomwa kanisani, wale tisa wanachapwa. Wamepona, wamejiendea, hawana shukrani. Lakini ukiisoma Luka 17 polepole utaona kitu ambacho mahubiri mengi hukiruka: hao tisa walitii. Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao wakaenda.

Na haukuwa utii wa bei rahisi. Kwa Sheria ya Musa, mwenye ukoma aliishi peke yake nje ya kambi, nguo zimeraruliwa, akipaza sauti kwamba yeye ni najisi ili watu wakae mbali. Kuhani hakumtibu. Kazi yake ilikuwa kumkagua akishapona na kumtangaza safi, ndipo arudi kwao. Sasa hawa kumi wanatumwa kwa kuhani ngozi ikiwa bado vile vile. Ni kama kuambiwa ukapange foleni ya cheti kabla hujafanya mtihani. Walipona wakiwa njiani.

Kwa hivyo mimi hao tisa nawaelewa. Kama ni wewe umekaa miaka bila kumshika mtoto wako, si ungekimbia kwa kuhani mara moja, umalize, uende nyumbani?

Aliyegeuka alikuwa Msamaria. Makuhani wa Yerusalemu hawakuwa wake. Watu wake waliabudu kwenye mlima wa Gerizimu. Pengine ndiyo maana aliona haraka kuliko wenzake kwamba uponyaji haukutoka ofisini. Cheti kingengoja. Alirudi kwanza kwa mwenye kumponya.

Hii habari inanigusa kwa sababu mimi cheti sina. Niliacha chuo karo ilipokwisha, na sasa naishi kwa kuandika vibarua vya watu. Mteja mmoja alikaa na pesa yangu miezi mitatu. Nilipouliza, nikaambiwa nishukuru, kwa sababu kuna wenye digrii wanaotafuta hiyo kazi na hawaipati. Sisi tuliolelewa kanisani tunaijua hiyo sauti. Tumefunzwa kutii na kushukuru, basi mtu akitaja shukrani, tunanyamaza.

Lakini Biblia yenyewe hainyamazi hapo. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua maskini alipwe siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua. Yakobo 5 inasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio kinamfikia Mungu. Kumbe mwenye kukataa kulipa ndiye asiyetii. Mimi kudai changu si utovu wa shukrani.

Tena shukrani ya kweli haiwezi kuwa kamba ya kumfunga mtu. Naamani, jemadari wa Shamu, alipopona ukoma baada ya kujichovya Yordani mara saba, alirudi kwa Elisha na zawadi. Elisha akakataa. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi nalo lilikataa pesa ambazo Rais Ruto alikuwa ametoa kwa kanisa moja la Soweto. Wengi wetu tulishangaa, kwa sababu tumezoea mkono unaotoa kushikilia pia kipaza sauti. Ukipokea, unadaiwa makofi.

Yesu hakudai hivyo. Aliuliza tu wale tisa wako wapi. Hakuna mahali tunasoma kwamba ukoma uliwarudia. Walibaki wazima, bila kushukuru. Hilo ndilo linanifanya nitake kushukuru: hakuna anayenishikia fimbo.

Siku hizi najaribu kuifanya iwe kazi ya mikono. Pesa ikiingia M-Pesa, kabla ya kodi ya nyumba na tokeni za stima, nampigia simu aliyeniunganishia hiyo kazi. Mama naye nampigia, na si kumwomba kitu. Nakaa dakika chache kimya na Mungu, bila orodha ya maombi. Si mambo makubwa. Ni kugeuka tu kabla sijaendelea na safari.

Na yule mteja? Nilimwandikia sentensi mbili, zote za kweli: nashukuru kwa nafasi uliyonipa, na malipo yangu bado hayajafika. Nikaambatisha ankara tena.