Pasipoti Moja, Makwao Mawili: Wahindi wa Kenya Nchini Uingereza

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wenye asili ya Bara Hindi ambao sheria haikuwafanya raia moja kwa moja walipewa miaka 2 ya kujiandikisha, na wengi wao hawakujiandikisha, si kwa kuidharau nchi iliyowalea bali kwa kuamini kuwa pasipoti ya Uingereza ingewakinga iwapo mambo yangewaendea kombo. Hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na kuwazuia kufanya biashara katika maeneo fulani na kuuza baadhi ya bidhaa, hata mwenye duka la sukari na mchele akaweza kunyimwa ruhusa ya kuuza kwenye kaunta aliyoirithi kwa babaye.

Walipoanza kuondoka kwa wingi, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache tu Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola, iliyoidhinishwa tarehe 1 Machi 1968. Sheria hiyo haikutaja rangi ya mtu. Ilichodai ni kwamba mwenye pasipoti anayetaka kuingia bila kizuizi awe na mzazi, babu au bibi aliyezaliwa au kupata uraia Uingereza kwenyewe, sharti ambalo mlowezi mzungu wa Nakuru alilitimiza bila taabu, ilhali jirani yake Mhindi, mwenye pasipoti ileile, alibaki kusubiri vocha, yaani kibali maalumu ambacho mwanzoni kilitolewa kwa wakuu wa kaya 1,500 tu kwa mwaka. Huo ulikuwa ubaguzi wa rangi uliovikwa joho la nasaba, na mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba kuwabagua watu hao kwa rangi yao kulifikia kiwango cha kuwadhalilisha.

Waliofanikiwa kuingia hawakupokewa kwa mikono miwili. Watu waliokuwa makarani, walimu na wenye maduka waliishia viwandani, na ni huko, zaidi kuliko bungeni, walikodai heshima yao: mwaka 1976 Jayaben Desai, mama aliyewahi kuishi Tanganyika, aliongoza mgomo katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, London, ambako wengi wa wagomaji walikuwa wanawake wa Kiasia waliotoka Afrika Mashariki, na ingawa mgomo huo ulimalizika mwaka 1978 bila madai yao kutimizwa, uliwavuta maelfu ya wafanyakazi wazungu kusimama nao mlangoni. Leo Leicester ni mji wao kwa haki kamili, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu ingali chakula cha familia nyingi huko.

Kenya nayo imerekebisha mengi: Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha, na mwaka 2017 Wakenya wa asili ya Kiasia walitambuliwa kuwa kabila la 44. Hata hivyo, haki ya kurejeshewa uraia ni ya aliyekuwa raia kwa kuzaliwa kisha akaupoteza, na haimgusi mzee aliyezaliwa Kisumu ambaye hakuwahi kujiandikisha. Bunge la Kenya lina uwezo wa kumfungulia mlango huo, na lifanye hivyo wazee hao wangali hai.