Volti zile zile 230

Plagi ya Uingereza na ya Zanzibar ni moja: pini tatu nene za mstatili, na fyuzi ndogo imejificha ndani. Umeme nao, kwa maandishi, ni mmoja: volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Redio uliyoinunua Leicester utaichomeka Mwanakwerekwe bila adapta. Basi mtu angedhani kuboresha pawa ya vyombo vya muziki vya nyumbani, yaani sehemu inayovilisha umeme, ni kazi moja huku na huko. Mimi, kwa jinsi nilivyokaa na wapenzi wa muziki wa huku Leicester, Uingereza, naona mafundi wetu wa Darajani, Unguja, wanaijua pawa kuliko hawa, ila hakuna aliyewahi kuwaomba wasimulie.

Huku pawa ni bidhaa ya peke yake. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza aliyestaafu, ana vyombo vya Naim, kampuni ya Salisbury. Unanunua kwanza mashine ya kuchagulia na kudhibiti sauti, halafu ukipata pesa unaongeza sanduku jingine lisilo na kitu mbele ila nembo na taa, ambalo kazi yake ni kuilisha ile ya kwanza umeme uliotulia. Linn wa Glasgow walifanya hivyo kwa gramafoni yao, LP12: mwaka 1990 wakatoa Lingo, sanduku linalotengeneza mizunguko yake lenyewe kwa kipimo cha kristali, lisitegemee mizunguko ya ukutani.

Hili la Linn lina hoja. Mota ya gramafoni ya aina ile huufuata mzunguko wa umeme. Umeme ukishuka kutoka 50 hadi 49, sahani itapungua mwendo kwa asilimia 2, na wimbo mzima utashuka karibu theluthi ya nusu toni. Mwenye sikio la udi atalisikia hilo. Lakini Uingereza sheria inataka mizunguko isitoke kati ya 49.5 na 50.5, na kwa kawaida haifiki hata huko. Mapema mwaka 2018, kwa mzozo wa Serbia na Kosovo juu ya umeme, mizunguko ya bara la Ulaya ilipungua kwa kiasi ambacho hakuna sikio lingekijua. Watu walitambua kwa kuwa saa za majiko zilichelewa karibu dakika sita. Ikawa habari ya magazeti. Nami nilikuwa nawaza miezi mitatu ya Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipokufa na Unguja ikabaki bila umeme ila wa jenereta. Friji la jirani likianza kuvuta, taa zinafifia, feni inabadilisha mlio. Nani angeliangalia saa ya jiko?

Sasa hivi wengi huku hawana gramafoni. Wana kidude cha kupokea muziki wa intaneti, na kimekuja na adapta ndogo ya plastiki. Adapta hiyo haina transfoma kubwa ya chuma: inaugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 325 hivi za mkondo mmoja, inaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, kisha inaushusha. Kule kukatakata kunaacha kelele, na wenye masikio wanataka iondoke. Wanatoa mamia ya pauni kwa sanduku la mtindo wa zamani: transfoma nzito, daiodi nne, kapasita kubwa, regyuleta. Mzee aliniwekea wimbo mmoja kwa adapta, kisha kwa sanduku. Nilisema kweli: sikusikia tofauti. Akacheka, akamimina chai. Kidude kizuri kina regyuleta zake ndani, na kelele nyingi huishia humo kabla ya kufika kwenye sauti. Sanduku hilo lina faida pale adapta ilipokuwa mbovu tangu mwanzo. Zaidi ya hapo naona ni mapenzi, na mapenzi hayakaguliwi risiti. Lakini wale wanaobadilisha hata fyuzi ya plagi kwa fyuzi ya bei ya mbuzi, hao siwatetei. Wala siwatetei wa kwetu wanaoziba fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Wa fyuzi ghali anatupa pesa, wa karatasi anaweza kuichoma nyumba.

Kwetu swali la pawa ni jingine: chombo kitalia leo, na kesho kitakuwepo? Saa mbili usiku, kila nyumba imewasha, nimeiona testa ya fundi ikisoma volti 180 kwenye soketi. Umeme mdogo. Hapo ndipo redio inapoanza kunguruma, na fundi anajua kwa nini. Transfoma ya volti 12, ikishapita daiodi na kapasita, hutoa kama 15 na nusu umeme ukiwa mzima. Regyuleta ya 12 inataka iingiziwe 14 na kitu. Ukutani kukishuka hadi 180, zinazoifikia hazitimii hata 12, na mngurumo unapita moja kwa moja mpaka kwenye spika. Kapasita ni kama tangi la juu ya paa: halisaidii kama maji ya bomba hayalifikii.

Dawa ya fundi ni kuweka transfoma ya 15 mahali pa 12, na kuifungia regyuleta bati kubwa la kupoozea, maana usiku wa manane umeme utapanda hadi 250 na ziada yote itageuka joto. Hakuiita apgredi. Aliita kurekebisha. Kisha haichomeki ukutani vivi hivi. Anaipitisha kwenye balbu ya wati 100 ya zamani iliyofungwa katika waya mmoja. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, na chombo kimepona. Ikiwaka kidogo ikafifia, kapasita zimejaa na mambo ni mazuri. Balbu hizo Ulaya ziliondolewa sokoni kuanzia 2009. Fundi anazifungia kabatini.

Kinachonichekesha zaidi ni betri. Huku ukishapanda ngazi zote za pawa, ya juu kabisa wanakuuzia sanduku la betri, kwa kuwa betri haina mngurumo wa ukutani na haijui jirani anawasha nini. Nenda Makunduchi ukamtazame kijana aliyefunga redio ya gari kwenye betri ya N70 na paneli ya sola, sanduku la spika kapigiwa na seremala. Pawa yake ni safi kuliko ya mzee wa Leicester. Spika, hiyo ni hadithi nyingine.

Ndugu yangu mdogo ameona video za haya masanduku, kaniandikia: “Kaka, ukija niletee moja ya sabufa.” Sabufa yake sandukuni imeandikwa maelfu ya wati, nyuma ina fyuzi ya ampea moja, yaani haiwezi kuvuta zaidi ya wati 230 kwa muda mrefu, na spika hazitoi kisichoingia. Nimemjibu anunue stabilaiza inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme uliorudi, kwa sababu ule mshtuko wa kurudi ndio unaoua. Aite fundi apime ethi ya nyumba kama ipo kweli au ni tundu tu la soketi. Halafu zile kapasita mbili za sabufa yake zilizovimba zibadilishwe. Darajani zipo. Achague za volti 35, si 25, zilizoandikwa nyuzi 105 na si 85, na azipime mkononi kabla ya kulipa, maana zimo kubwa kwa umbo zenye kapasita ndogo ndani.