Chumvi ya Koko

Ndugu zangu, zamu ya kuandika imenifikia na nitaandika juu ya chumvi. Msicheke.

Ninafuatana na muuguzi anayetembelea wagonjwa nyumbani hapa Mahoko. Mimi natafsiri, nabeba mashine ya presha, na katikati ya wiki narudi peke yangu kuuliza hali. Wengi ni wazee wenye presha. Wachache, moyo umeshachoka: miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na usiku hawalali bila kuegemea mito mitatu.

Maelezo ya muuguzi ni mafupi. Chumvi inashikilia maji mwilini. Maji yakizidi, mishipa inajaa na moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Moyo uliochoka ukishindwa, maji yanabaki miguuni, hata mapafuni. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kisizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa chumvi yote, pamoja na ile iliyojificha ndani ya mkate na kube.

Kuelewa haikuwa shida. Koko mmoja wa kutoka Masisi alisikiliza yote, akaitika, kisha akaniambia: "Mwanangu, chakula bila chumvi njo tulikula tukiwa tunakimbia. Sasa unataka nirudi mule?"

Nilinyamaza. Aliyepita msituni anajua viazi vya kuchoma bila chochote, na anajua siku ile ya kwanza ulipopata chumvi tena. Kwa wazee wetu chumvi ni heshima. Zamani watu walitembea siku nyingi kuitafuta hadi Katwe, kule Uganda. Karatasi za mafunzo hazina habari hiyo. Zina picha ya kijiko chenye alama nyekundu, basi.

Muuguzi akaacha kukataza. Akamwomba koko apike kama kawaida, sisi tutazame. Sombe na makayabo, kube mbili, halafu chumvi ya mkono juu yake. Tukahesabu pamoja naye: chumvi ilikuwa imeingia mara tatu kwenye sufuria moja! Yeye mwenyewe akachagua pa kuanzia. Kube ikatoka. Makayabo yanalala ndani ya maji usiku mzima, maji yanabadilishwa mara kadhaa na kumwagwa. Kitunguu saumu, limau na pilipili vinafanya kazi iliyobaki, na chumvi kidogo (ile yenye madini ya joto) inawekwa mwishoni, chakula kikiwa tayari, ulimi uikute juu. Siku ya pesa ananunua sambaza mbichi za Kivu. Siku isiyo ya pesa ni lengalenga na maharagi. Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tafadhali, msimwambie mtu "kula samaki fresh" kabla ya kuuliza bei yake sokoni.

Kitu kingine tulikigundua kwa bahati. Kuna dawa ya kukojoza maji, na koko alikuwa anairuka kila siku ya soko, kwa sababu choo kiko mbali na ni aibu kuuliza. Hakuna aliyemuuliza. Muuguzi akamruhusu kuimeza akisharudi nyumbani. Pia anapimwa uzito asubuhi: ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, ni kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama anajisikia vizuri.

Jumanne iliyopita presha ilikuwa 152 kwa 94. Tulianza na 186. Bado iko juu, na muuguzi hajafurahi. Koko naye anasema sombe bado haijawa sombe. Lakini viatu vyake vya plastiki vinaingia tena, na jirani wawili wameniuliza kama mashine ile inaweza kufika na kwao.